WASICHANA NA MPIRA WA MIGUU: HABARI ZA TWIGA STARS

Mtu akifika shuleni kwetu akauliza wasichana wanacheza mchezo gani, atajibiwa mara moja kwamba ni netiboli, na huyo atakayemjibu atashangaa kwa nini swali hilo limeulizwa. Uwanja wa netiboli uko nyuma ya bweni letu, una nguzo mbili za chuma, na kila Jumatano na Jumamosi hutumika mpaka kengele ya chakula. Uwanja wa mpira wa miguu uko mbele ya madarasa, nao ni wa wavulana. Hakuna sheria iliyoandikwa popote kusema hivyo, ndivyo tulivyoukuta. Mimi mwenyewe nimecheza netiboli tangu darasa la tano, na fulana yangu ina herufi GS, yaani mfungaji. Nayasema hayo mapema ili wenzangu wa timu wasidhani kwamba nimeshika kalamu kuutukana mchezo wao.

Nataka kueleza jinsi nchi hii, ambayo wasichana wake wamelelewa katika netiboli, ilivyopata timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa miguu ambayo majirani zetu hawaichezei tena kwa dharau. Timu hiyo huitwa Twiga Stars.

Kwanza tujiulize netiboli ilitoka wapi. Mchezo huo ulikuzwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na mpira wa kikapu, ukafanywa mchezo wa shule za wasichana. Mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira, wala kukaa nao mkononi zaidi ya sekunde 3. Mwaka 1921 chama cha mpira cha Uingereza kiliwakataza wanawake kucheza kandanda katika viwanja vya klabu zake, na katazo hilo lilidumu miaka 50. Sasa, msomaji, hesabu mwenyewe. Waingereza waliitawala Tanganyika mpaka mwaka 1961. Walimu waliotoka kwao miaka hiyo walitoka katika nchi ambayo mwanamke aliyepiga mpira kwa mguu alifungiwa milango ya uwanja. Wangetufundisha nini zaidi ya netiboli? Mimi naona hapo ndipo palipoanza desturi ambayo leo watu wengi huiita mila yetu.

Twiga Stars walijulikana na wengi mwaka 2010. Mwaka huo, chini ya mwalimu Charles Boniface Mkwasa, walifuzu kwa mara ya kwanza kucheza fainali za wanawake za Afrika, zilizofanyika Afrika Kusini. Walifungwa michezo yote mitatu: na wenyeji mabao 2 kwa 1, na Mali 3 kwa 2, na Nigeria 3 kwa 0. Mtu asiyejua mpira atasema walishindwa vibaya. Lakini hebu tutazame walikotoka. Wakati huo hapakuwa na ligi kuu ya wanawake hapa nchini. Mchezaji aliitwa kambini, akafanya mazoezi, akacheza, kisha akarudi nyumbani kungoja aitwe tena. Kumfunga bao mwenyeji katika hali hiyo si jambo dogo. Baada ya hapo ilipita miaka mingi bila timu hiyo kurudi katika fainali hizo.

Lililobadilisha mambo, kwa maoni yangu, ni ligi. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na mabingwa wa kwanza walikuwa Mlandizi Queens wa mkoa wa Pwani. Baadaye JKT Queens na Simba Queens wakawa wanapokezana kombe. JKT ni timu ya jeshi, ina kambi na mazoezi ya kila siku. Simba ni klabu yenye wapenzi kila kijiji, hata wale wasiojua kwamba ina wanawake. Mwaka 2022 Simba Queens walishika nafasi ya nne katika kombe la klabu bingwa za wanawake Afrika, huko Morocco. Ligi ndiyo iliyomfanya mchezaji acheze wiki baada ya wiki na kukosea na kusahihishwa. Sisi wanafunzi twajua tofauti ya mtu anayesoma kila siku na yule anayesoma usiku wa kuamkia mtihani.

Hata kabla ligi haijakomaa, matunda yalionekana. Mwaka 2016 Twiga Stars walitwaa kombe la Afrika Mashariki na Kati huko Jinja, Uganda, kwa kuifunga Kenya 2 kwa 1, na mwaka 2018 wakalitwaa tena Kigali. Lakini mwaka ambao sisi watu wa Songwe hatutausahau ni 2021.

Mwaka huo Tanzania ilialikwa katika mashindano ya COSAFA, ya nchi za kusini mwa Afrika. Katika nusu fainali tulikutana na Zambia. Wasioijua Tunduma wafahamu kwamba kwetu Zambia si nchi ya mbali. Ni ng'ambo ya barabara. Mama yangu huuza mchele karibu na mpaka, na wateja wake wengi ni wa Nakonde. Nilikuwa bado shule ya msingi. Mchezo ulikwisha 1 kwa 1, nasi tukashinda kwa penalti. Kesho yake alikuja mama mmoja wa Nakonde kununua mchele kama kawaida yake. Mama akampimia debe, akalijaza mpaka likafanya kichuguu, akamwambia, "Dada, hicho cha juu ni pole ya jana." Yule mama alicheka, akajibu kwamba Zambia wametupa ushindi kwa ujirani tu. Siku chache zilizofuata tuliifunga Malawi 1 kwa 0 katika fainali, kwa bao la Enekia Kasonga. Malawi nayo ni jirani yetu, ng'ambo ya mto Songwe. Kwa hiyo kombe lile lilipatikana kwa kuwapita majirani wote wawili wa mkoa wetu. Si neno dogo, maana dada zetu wa Zambia ni hodari mno: walicheza Kombe la Dunia mwaka 2023, na Barbra Banda wao alichaguliwa mchezaji bora wa wanawake wa Afrika mwaka 2024.

Jioni ile ya fainali ndipo nilipomwambia Mama kwamba natamani kucheza mpira wa miguu. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, ukivunjika mguu, debe la mchele utalibeba kwa meno?" Nikanyamaza.

Mwaka uliofuata wasichana wa chini ya miaka 17, waitwao Serengeti Girls, walikwenda India katika Kombe la Dunia la umri wao, wakiongozwa na mwalimu Bakari Shime. Hiyo ilikuwa timu ya kwanza ya kandanda ya Tanzania kufika Kombe la Dunia. Walianza kwa kufungwa na Japani mabao 4 bila jibu, na huko nyumbani watu wakaanza kutikisa vichwa. Kisha wakaifunga Ufaransa 2 kwa 1. Mchezo wa tatu ulikuwa na Kanada. Nchi hiyo, msomaji, ni baridi mno, na mchezo unaopendwa kupita yote huko ni wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Hata hivyo wanawake wake wa kandanda walikuwa wametwaa dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Wadogo zetu walitoka nao sare ya 1 kwa 1, wakaingia robo fainali, ambako Kolombia iliwatoa kwa 3 kwa 0. Nikisoma habari za Kanada huwa najipa moyo: ikiwa watu wa barafu wamejifunza kucheza kwenye nyasi, watu wa netiboli hawana sababu ya kushindwa.

Mwaka 2023 Twiga Stars waliitoa Ivory Coast kwa penalti, kisha wakaitoa Togo, wakafuzu tena fainali za Afrika. Zilichezwa Morocco mwezi Julai 2025. Walifungwa na Mali bao 1, wakatoka sare ya 1 kwa 1 na Afrika Kusini, bao letu likifungwa na Opa Clement, kisha Ghana ikawafunga 4 kwa 1. Afrika Kusini ndiyo ile ile iliyotufunga mwaka 2010, nayo safari hii ilikuja ikiwa bingwa mtetezi. Miaka 15 kupata pointi moja! Wako watakaocheka, nami siwalaumu. Oktoba mwaka huo huo waliitoa Ethiopia na kufuzu fainali za 2026, mara yao ya tatu. Kutoka fainali ya kwanza hadi ya pili walingoja miaka 15. Kutoka ya pili hadi ya tatu, miezi mitatu.

Wako wasemao kwamba kandanda itaua netiboli. Nawaomba watazame Malawi. Timu yao ya taifa ya netiboli kwa miaka mingi imehesabiwa kati ya kumi bora za dunia, na bado wametoa ndugu wawili wa Rumphi, Tabitha na Temwa Chawinga, wanaofunga mabao Ulaya na Marekani. Nao Malawi walifuzu fainali hizo hizo za 2026. Mimi naamini netiboli ni mwalimu mzuri wa kandanda. Kwa kuwa huwezi kukimbia na mpira, hulazimika kutafuta nafasi ukiwa huna mpira, na hilo ndilo wavulana wetu wengi wasilolijua. Wote huufuata mpira kama kuku wafuatao mtama.

Ama kuhusu shule yetu, muhula uliopita tulikwenda wasichana wanne kwa mwalimu wa michezo kuomba uwanja. Alituuliza, "Mko kumi na mmoja?" Tukasema tuko kumi na wanne. Akatuuliza kama tuna mpira. Hatukuwa nao. Michezo ya UMISSETA ina kandanda ya wasichana, lakini shule yetu hupeleka netiboli peke yake. Mwalimu hakukataa, alisema tukipata mpira tutapewa Ijumaa saa kumi, wakati wavulana wanaposafisha bwalo. Tulichanga, na Mama alipopata habari alituma elfu tano kwa dereva wa basi bila kusema neno. Mpira tukaununua Vwawa.

Kipa wetu ni yule dada wa kidato cha pili aliyekuwa akivaa GK katika netiboli. Mikono yake haijui kuangusha kitu. Mimi nacheza mbele, lakini mwezi wa kumi na moja namaliza mtihani na kuondoka, na nafasi yangu haijapata mtu. Tena mpira wetu umeanza kutoa pumzi. Mwenye pampu ya baiskeli na sindano yake aonane na kiranja wa bweni letu kabla ya Ijumaa.