Fundi Bomba Amefika Kondoa

Jioni moja, baada ya sala ya isha, nilimkuta mtoto wa dada yangu ameketi barazani, ameinamia simu, kidole gumba kikigonga kioo kama cha mtu anayevuta tasbihi kwa haraka. "Mjomba, hebu jaribu," akaniambia. Nikajaribu. Mtu mfupi mwenye masharubu na kofia nyekundu akaanza kukimbia bila kuamrishwa. Kazi yangu ikawa ni kumrusha tu, avuke mashimo na kuokota sarafu. Nilitumbukia mara nne kabla ya kuijua njia.

Mchezo huo ni Super Mario Run, wa kampuni ya Nintendo ya Japani. Ulitoka Desemba 2016 kwa simu za iPhone, na Machi 2017 kwa simu za Android. Hatua chache za mwanzo hutolewa bure, kama vile muuza halua anavyomwonjesha mteja kipande. Anayetaka zilizosalia hana budi kulipa. Ulipotoka, bei ilikuwa dola 9.99 za Marekani. Mchezo wenyewe umetungwa kwa kumbukumbu. Yule fundi bomba, sarafu, mabomba ya kijani na bendera ya mwisho wa safari vimetoka katika Super Mario Bros. wa mwaka 1985, ili mtu mzima wa Tokyo au Chicago aukumbuke utoto wake. (Fundi bomba huyu, nakiri, sikumwona akitengeneza bomba hata moja.)

Lakini je, sisi tunakumbuka nini? Ndugu zetu wa Unguja na Pemba waliipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Sisi wa Bara tulingoja hadi mwaka 1994. Mwaka 1985 mimi nilikuwa mtoto wa chuo, ubao magotini, nikisoma alifu na bee. Kwa hiyo kumbukumbu inayouzwa ndani ya mchezo huu si yangu, wala si ya kijana wangu.

Hata hivyo nilistaajabu kuona kwamba mwili uliikumbuka ile mirukio. Msomaji wa Visiwani ambaye hajafika Kondoa afahamu kwamba ardhi yetu ilipasuliwa vibaya na mvua na kwato. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika ili majani yapate kuota. Sisi tuliozaliwa baada ya hapo tuliyarithi makorongo, yakawa ndiyo uwanja wetu. Tuliruka kutoka ukingo hadi ukingo, tukipimana. Katika simu, ukitumbukia, povu hukubeba na kukurudisha salama. Korongo la Kondoa halikuwa na povu; mwenzetu mmoja alivunjika mkono, nasi sote tukachapwa.

Mbunifu mkuu wa michezo hiyo ni Shigeru Miyamoto, aliyezaliwa mwaka 1952 katika mji mdogo wa Sonobe, karibu na Kyoto. Amewahi kueleza kwamba alipokuwa mtoto aligundua pango, akaingia na taa, na kwamba mambo kama hayo ndiyo yaliyozaa mchezo wake mwingine, The Legend of Zelda. Pango moja la kijijini, basi! Nasi tuna Kolo, yenye michoro ya kale ya wanyama na watu juu ya miamba. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na UNESCO ikaiandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Sijaona kijana wa Kondoa akikimbia katika miamba hiyo ndani ya simu yake.

Sisemi mchezo upigwe marufuku. Umetengenezwa kwa ustadi, nami niliucheza hadi dada yangu akaniita mara ya tatu kwenda kula. Kasoro yake kubwa kwetu ni kwamba unadai intaneti wakati wote, hata mtu anapocheza peke yake. Kwa mwenye bando la kubahatisha hilo ni jambo zito.

Ninalotaka kuwaambia ndugu watendaji ni jingine. Halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vijana. Mikopo hiyo tumezoea kuiona ikiishia katika pikipiki na mabanda ya kuku, na sina ugomvi na kuku. Lakini kikundi cha vijana wanne wakija ofisini na kompyuta moja, wakasema wanataka kutunga mchezo wa kuruka makorongo ya Kondoa, au wa nahodha wa Pemba anayekwepa miamba ya bahari, afisa wa maendeleo ya jamii atawapa fomu, au atawacheka? Nimekaa katika vikao vingi, na jibu ninalolihofia nalijua.

Usiku ule bando la kijana lilikwisha fundi bomba akiwa hewani. Mtoto akanitazama. Nikamsimulia habari ya yule mwenzetu aliyevunjika mkono, naye akataka kujua korongo lenyewe liko wapi. Jumamosi nilimpeleka. Limeota majani na miti pande zote mbili, na kingo zimelainika. Akaliruka bila hata kuvua viatu.