Paa Nunga Ahesabiwe, Asikimbizwe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili la wahenga lamhusu pia paa nunga, mnyama adimu ambaye duniani kote anapatikana katika misitu michache tu ya Unguja na ya pwani ya Kenya.

Kumhesabu kwa kumkurupusha ni kumtia hofu. Kumhesabu kwa mavi yake ni kumchanganya na paa wengine. Leo ipo kamera inayofungwa mtini. Mnyama akipita, joto la mwili wake huiamsha, nayo humpiga picha na kuandika siku na saa. Ni kamera hizo zilizothibitisha kuwepo kwa paa nunga katika misitu ya Boni na Dodori, kaskazini mwa pwani ya Kenya, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2011.

Hata hivyo, paa mmoja aweza kupigwa picha mara kumi. Anayehesabu picha akadhani amehesabu wanyama hujidanganya nafsi yake. Hesabu ya kweli yahitaji wataalamu pamoja na wanavijiji wazijuao njia za paa.

Kwa hiyo tunasema: kila zinapofungwa kamera, Jozani na kwingineko, wanavijiji wafundishwe kuzitumia, na matokeo yasomwe hadharani. Marufuku ya uwindaji isiyo na hesabu haina hoja mbele ya mwenye njaa. Paa nunga ni mali ya umma. Basi umma nao uonyeshwe daftari.