Ukuta Haumbembelezi Mtoto

Vituo vingi vya kulelea watoto mchana jijini Dar es Salaam hujitangaza kwa ukuta. Mickey Mouse mkubwa langoni, herufi kutoka A hadi Z, bembea ya njano, basi dogo lenye jina la kituo ubavuni, na mzazi tayari anaulizia ada. Sina ugomvi na Mickey Mouse. Ila mtu atakayembeba mwanao akilia saa nne asubuhi ndiye hasa unayemlipia, na mara nyingi mzazi huondoka bila hata kuonana naye. Amezungumza na meneja.

Suala la sheria ni fupi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo kiwe na kibali, na anayefuatilia ni ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Leseni ya biashara ni kitu kingine, usikubali kuoneshwa hiyo. Omba cheti chenyewe cha kibali. Mwenye nacho huwa amekitundika. Asiye nacho atakwambia kipo kwa mkurugenzi, na mkurugenzi amesafiri.

Cheti hakikwambii mambo ya kila siku, kwa hiyo hesabu watu. Uingereza, sheria inataka mlezi mmoja asiwe na zaidi ya watoto 3 wa chini ya miaka miwili. Kwa wa miaka miwili walikuwa 4, wakaongezwa kuwa 5 mwaka 2023, na walezi wengi walilalamika. Kwa ada tunazolipa sisi, viwango hivyo ni vigumu kuvifikia. Lakini piga hesabu mwenyewe. Mtoto wa miezi minane hula uji kwa dakika ishirini hivi. Dada mlezi mmoja akiwa na kumi wa umri huo, kuwalisha mara moja tu ni dakika mia mbili, yaani saa tatu na dakika ishirini, kabla hajabadili nepi hata moja. Haiwezekani. Kwa hiyo kuna kitu kinarukwa, na kinachorukwa kwanza ni kuzungumza na mtoto. Kinachofuata ni kunawa mikono.

Ndiyo maana nashauri mzazi aende kwenye saa tano na nusu, wakati watoto wana njaa na usingizi pamoja. Saa mbili asubuhi kila kituo kinapendeza. Keti pembeni utazame mambo madogo. Je, kijiko kimoja kinazunguka midomo minne? Anayetoka kubadili nepi anapitia kwenye sabuni au anakwenda moja kwa moja kwenye bakuli? Ndoo za maji zina vifuniko? Jiji hili maji hukatika, na kila kituo kina akiba. Mtoto anayejifunza kutembea huweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu. Mtoto mchanga analazwa chali au kifudifudi?

Halafu tazama kamasi. Kuna mlezi anayetokea nyuma ya mtoto, akamshika kichwa, akampangusa kwa nguvu na kuendelea na safari yake bila neno. Mtoto anashtuka, analia. Kuna mwingine anayechuchumaa mbele yake, anamwonesha kitambaa, anamwambia, "Njoo mwanangu, tutoe hiki." Mtoto ananyoosha uso mwenyewe. Kazi ni ileile na muda ni karibu uleule. Kwa mtoto ambaye bado hajaweza kusema, mafunzo ya siku nzima yamo humo: nikionesha dalili, kuna mtu anaitikia.

Utafiti wa jambo hili una mizizi yake jirani na sisi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anazitembelea familia 26 katika vijiji vya jirani na Kampala, akitazama watoto wachanga na mama zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Mojawapo ya mambo aliyoyaona ni kwamba mama aliyeweza kumsimulia mtoto wake kwa undani, anachopenda, anavyolala, kinachomkera, kwa kawaida alikuwa na mtoto aliyetulia: anatambaa kwenda kuchungulia mambo, kisha anarudi kwa mama.

Mzazi anaweza kuitumia hoja hiyo. Muulize dada, si meneja, habari za mtoto yeyote aliye mbele yake; jina huhitaji kulijua. Akisema, "Huyu halali mpaka ashike sikio langu," umempata mtu. Akisema, "Hawa wote wako vizuri tu," uliza ana muda gani hapo. Kituo kinachobadili wasichana kila baada ya miezi miwili kinamfanya mtoto aanze upya kila mara na mgeni. Na wasichana huondoka kwa sababu inayojulikana. Ada ikiwa ya chini kupita kiasi, punguzo hilo limetoka mahali, na mara nyingi limetoka kwenye mshahara wao.

Kuhusu Kiingereza na penseli nitasema kidogo, maana huko ndiko pesa nyingi inakoteketea. Mtoto wa miaka miwili na nusu anayefuatisha nukta za herufi kwenye daftari hajatangulia mtu yeyote. Vidole vyake vinahitaji udongo, mchanga, vifuniko vya chupa vya kupanga na kupangua. Lugha ataipata kwa mtu anayeongea naye sana kwa lugha anayoimudu, na dada anayelazimishwa kusema Kiingereza asichokijua huishia kutoa amri tu: "Sit down." "Keep quiet."

Kwa anayenyonyesha kuna suala la mahali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini, hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kituo kikiwa Kimara na ofisi ikiwa Posta, saa hizo zitaishia ndani ya basi la mwendokasi. Bora kituo kiwe karibu na kazi mpaka mtoto aache ziwa, ndipo umhamishie karibu na nyumbani ambako shangazi au bibi anaweza kumfuata ukichelewa. Isipowezekana, utakamua. Maziwa yaliyokamuliwa hayapaswi kuzidi saa nne nje ya friji, na kwa joto la Januari usiyape hata hizo. Ulizia friji iko wapi, na umeme ukikatika wanafanyaje.