Laptopu ya gereji haitaki Windows mpya

Ingia gereji yoyote yenye wateja pale Unga Limited, Arusha, uulizie mashine ya kupimia gari. Utaletewa laptopu nene, nyeusi, herufi za kibodi zimefutika kwa grisi, betri imekufa zamani kiasi kwamba bila kuchomekwa ukutani haiwaki. Ikiwaka, usishangae kukutana na kile kilima cha kijani chini ya anga la buluu, picha aliyoipiga Charles O'Rear huko California mwaka 1996, ambayo mtu wa Monduli anaweza kukuapia kuwa ni kwao baada ya masika. Hiyo ni Windows XP. Iliingia sokoni Oktoba 2001, na Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014.

Fundi wa gari hana shughuli na tarehe hizo. Anachokijua ni waya mmoja wa bei poa kutoka China, ambao upande mmoja unachomekwa chini ya usukani wa Toyota na upande wa pili kwenye laptopu, halafu programu ya Techstream inamsomea kwa nini taa ya injini imewaka. Draiva ya waya huo imeandikwa kwa ajili ya Windows ya biti 32. Laptopu za leo karibu zote zinakuja na Windows ya biti 64, na huko waya unagoma. Wapo wanaoulazimisha kwa kuhamisha faili moja moja kwa mkono na kurekebisha mipangilio. Siku Windows ikijisasisha yenyewe usiku, asubuhi kazi inaanza upya. Mwenye Prado tatu zinazomsubiri uani hana muda wa mchezo huo.

Wala si kila gari linahitaji mashine hiyo. Land Cruiser nyingi zinazopandisha watalii Ngorongoro zina injini ya 1HZ, dizeli yenye pampu ya kimekanika, na hapo kompyuta haina cha kusoma: ni sikio la fundi na spana. Wapo madereva wanaoipendea hilo tu.

Mifano ya namna hii imejaa mjini. Wakata stika za majina ya kampuni za utalii, zile zinazobandikwa kwenye milango ya magari, wana mashine inayoongea na kompyuta kupitia tundu la siriali, na tundu hilo limeshatoweka kwenye kompyuta mpya. Mhasibu wa duka la jumla ana hesabu za miaka kumi ndani ya toleo la zamani la programu yake na hataki kuzihamisha, asije akazipoteza. Maabara ina darubini au kipimo cha damu kilichonunuliwa pamoja na kompyuta yake. Kompyuta ikifa, kipimo kizima kinageuka pambo. Katika hali zote hizi mfumo endeshi wa zamani unabaki kwa sababu kuna kifaa, au kazi, iliyofungwa nao, na kifaa hicho kililipiwa pesa ambayo haitarudi. Anayewacheka watu hawa kuwa wamepitwa na wakati hajawahi kuulizia bei ya mashine mpya ya kukata stika.

Shida yangu iko kwingine, kwenye steshenari.

Kompyuta ya steshenari ni mali ya umma isiyo na msimamizi. Asubuhi inaingia flashi ya mwanafunzi wa chuo cha uhasibu kule Njiro mwenye tasnifu, mchana inaingia ya mama mwenye barua ya kikundi, jioni ya kijana anayeomba kazi. Katika mashine hiyohiyo watu wanafungua akaunti za Ajira Portal, wanajaza fomu za Bodi ya Mikopo, wanaskani vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa. Nywila zinaandikwa hapo, nakala zinabaki hapo. Na mara nyingi mashine yenyewe inaendeshwa na Windows 7, ambayo huduma yake ilikoma tarehe 14 Januari 2020, tena iliyopigwa kutoka kwenye diski ya kuchoma, na kufunguliwa kwa kiprogramu cha wizi ambacho mara nyingi hudai antivirusi izimwe kwanza. Kila aliyewahi kuprinti mjini anaujua ule ugonjwa wa faili zote kwenye flashi kugeuka shotikati. Ukienda nao nyumbani, umeshaambukiza kompyuta ya nyumbani.

Wenye intaneti kafe wa zamani walikuwa wajanja kuliko hapo. Wengi walifunga Deep Freeze, programu inayoirudisha kompyuta ilivyokuwa kila inapozimwa na kuwashwa. Mteja apakue atakacho, ajaze uchafu wote, kesho mashine inaamka safi. Ni dawa ya siku nyingi, bado inafanya kazi, na sijui kwa nini steshenari nyingi zimeisahau.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: kompyuta ya kazi na kompyuta ya intaneti zitenganishwe. Ile ya gereji au ya kukata stika ibaki na Windows yake ya zamani, ichomolewe waya wa mtandao, izimwe waifai, iachwe ifanye kazi yake kwa amani. Ile inayogusa nywila za watu isiendeshwe na mfumo ambao mtengenezaji wake ameutelekeza. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipoenea duniani na kufunga kompyuta za hospitali za Uingereza, kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walikuwa wameliziba miezi miwili kabla. Wengi wa waliofungiwa faili zao walikuwa kwenye Windows 7 ambayo haijasasishwa. Hali ilivyokuwa mbaya, Microsoft walirudi nyuma wakatoa kiraka hata cha XP, miaka mitatu baada ya kuizika.

Hata hivyo, kuipiga XP upya mwaka huu ni ufundi, na mafundi vijana wengi hawajawahi kuufanya. Niliushuhudia mmoja, kibandani kwa fundi kompyuta si mbali na Barabara ya Sokoine, kwa sababu nilitaka kuona unavyokwenda.

Kwanza hakugusa diski. Alifungua boksi akapuliza vumbi, lile la Januari na Februari linalopenya hata palipofungwa, akainamisha bodi kwenye mwanga kutazama vichwa vya kapasita. Kilichovimba kama kifuniko cha kopo la maziwa lililoharibika kinamaanisha usihangaike na Windows, bodi inakwenda. Kompyuta za mezani za miaka ya 2003 hadi 2005, hasa Dell OptiPlex GX270 na GX280, zilijulikana dunia nzima kwa ugonjwa huo. Kisha akabandua betri ndogo ya duara, CR2032, ileile wanayouza mafundi saa. Hii ikiisha, kompyuta inasahau tarehe. Inaamka ikidhani ni Januari 2002, na kila tovuti unayofungua inakataa, kwa kuwa cheti chake cha usalama, kwa hesabu za mashine, bado hakijazaliwa. Wateja wengi wanalipia kupigiwa Windows upya kumbe walihitaji betri tu. Fundi mwaminifu anakwambia. Wengine wananyamaza.

Baada ya betri aliingia bayosi, akabadilisha mpangilio wa diski kutoka AHCI kwenda IDE. Hatua hii ndiyo inayowatoa jasho wasiojua, maana XP ilitungwa kabla ya AHCI kuenea na haina draiva yake. Ukiisahau, mashine inakutolea skrini ya buluu yenye namba inayoishia 7B, na unaweza kubadilisha diski mpaka jioni bila kuambulia kitu. Kisha skrini ya buluu ya kawaida, F8 kukubali masharti ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma, kufomati, na hatimaye ile ahadi maarufu: zimebaki dakika 39. Hizo ni dakika za Microsoft. Kwenye mashine yenye ramu ndogo zinarefuka, na Tanesco wakikata katikati unarudi nyuma. Ndiyo maana alikuwa na UPS ambayo betri yake ni ya pikipiki.

Ikishakaa, kazi ndiyo kwanza imeanza. Kadi ya mtandao haina draiva, na draiva iko kwenye mtandao. Inabidi iletwe kwa flashi kutoka mashine nyingine. Na mtandao ukipatikana haufiki mbali: Chrome ya mwisho kukubali XP ni toleo la 49, Firefox ni la 52, na tovuti nyingi za sasa hazizungumzi tena na vivinjari hivyo. Windows 7 nayo iliachwa na Chrome baada ya toleo la 109, mwanzoni mwa 2023, na ina kituko chake: ukiipiga kwenye mashine mpya kidogo, kibodi na kipanya vinakufa katikati ya kazi, kwa kuwa haiyajui matundu ya USB 3.0. Fundi anatoa chini ya meza kibodi yenye kichwa cha duara cha zambarau, anachomeka kama mashine bado ina tundu hilo, anaendelea.

Kutunza mashine kuukuu ni jadi ya zamani ya nchi hii kuliko tunavyokumbuka. Serikali ya Tanzania ilinunua kompyuta ya kwanza katikati ya miaka ya 1960 kwa ajili ya Wizara ya Fedha. Mambo ya hesabu yalipokwenda mrama, mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta bila kibali. Marufuku yalilegezwa taratibu miaka iliyofuata, na kwa muda wote huo waliokuwa nazo walizitunza zilezile. Kisha yakaja mafuriko ya mitumba kutoka Ulaya.

Na kulikuwa na njia ya tatu, ambayo haikuwa Windows kuukuu wala Windows ya wizi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ya bure. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, na kwa miaka kadhaa diski zake zilitumwa kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeziomba, Afrika Mashariki ikiwemo. Hapa hapa mkoani, Karatu, Shule ya Sekondari Banjika ilifungiwa kompyuta za umeme wa jua, na mradi huo baadaye ukaingiza Raspberry Pi, kikompyuta cha ukubwa wa kitambulisho kinachotumia Linux. Lakini mitaani Linux haikushika. Mteja akifungua asione kitufe alichokizoea anadhani ameibiwa. Hilo ni kosa la mafundi kwa sehemu: wanaifunga, hawamwelekezi mtu hata nusu saa, halafu wanasema watu hawaipendi. Kwa steshenari yenye kompyuta ya prosesa ya Core 2 Duo, Linux nyepesi inayosasishwa ni salama kuliko Windows 7 ya wizi, na kuprinti PDF inaprinti sawasawa. Wenye mashine za biti 32 tu wawahi, maana Debian, mama wa nyingi kati ya Linux hizo nyepesi, iliacha kutoa kisakinishi cha biti 32 ilipoingia toleo la 13, Agosti 2025.

Ukitaka kuona suala hili likiwa zito kweli, panda gari kuelekea Lakilaki. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilikaa katika majengo ya AICC mjini Arusha mpaka ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, ikaacha ushahidi wa miaka ishirini: karatasi, kanda za sauti, kanda za video, mafaili ya kompyuta za kila zama. Sasa vinatunzwa huko Lakilaki, kwenye hifadhi ya taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi zake. Kanda ya video ya mwaka 1997 inahitaji mashine ya kuichezesha, na mashine za namna hiyo hazitengenezwi tena. Watunza kumbukumbu wanahamisha yaliyomo kwenda mifumo mipya kabla mashine ya mwisho haijachoka. Mhasibu wetu wa duka la jumla angeiga hapo.

Wimbi linalofuata limeshaanza. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na kwa watu binafsi waliojiandikisha wakaongeza masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo, kwa Intel, karibu zote zinaanzia kizazi cha nane. Ofisi za Ulaya zinazoondoa laptopu za kizazi cha sita na cha saba haziziondoi kwa sababu zimeharibika. Nyingine zitapakiwa kwenye makontena, na baadhi zitapangwa kwenye vioo vya maduka ya Arusha, zimefutwa vumbi, zimebandikwa karatasi ya "used UK", bei ya kuvutia. Nyingine muuzaji atakuwa ameshazilazimishia Windows 11 kwa ujanja, na Microsoft hawaahidi kuwa mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho.

Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aiwashe na akuonyeshe jina la prosesa. Ikiandikwa i5-7200U ni kizazi cha saba. Ikiandikwa i5-8250U ni cha nane. Kama ni ya kizazi cha saba na unaitaka kwa ajili ya gereji, omba punguzo na uulize kama inakubali Windows ya biti 32. Kama ni ya steshenari, omba punguzo vilevile, halafu umtafute fundi anayeijua Linux na mlipe pia ile nusu saa ya kukuelekeza.