Cheti cha Fundi Kinapovuka Mpaka

Kijana wa Kihispania aliyesomea ufundi wa umeme kwa miaka miwili, jumla ya saa 2,000 pamoja na zile za kujifunza kazini, hutoka chuoni na cheti kinachomtaja kuwa ni Técnico. Kwao neno hilo halina utata. Mwajiri wa Sevilla akilisoma hufahamu mara moja kwamba mtu huyu aweza kutandaza nyaya za nyumba nzima, kufunga sanduku la swichi na kutafuta hitilafu. Lakini kijana huyo akishuka na cheti chake mjini Stuttgart, mambo hubadilika. Wajerumani nao wanalo neno linalofanana sana na hilo, Techniker, ila wao humpa mtu ambaye, baada ya kuhitimu ufundi na kufanya kazi, amerudi darasani kusomea mambo ya juu zaidi. Mwajiri akilichukua neno kama alijuavyo, atamkabidhi mgeni kazi asiyoiweza. Akilitilia shaka, atampa kazi ya kubeba marobota ya nyaya na kuchimba mitaro, kwa ujira wa kibarua.

Hasara ya jambo hilo haimwangukii yeye peke yake. Tofauti kati ya ujira wa kibarua na ujira wa fundi ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo viatu vya watoto, ndiyo fedha za kuwatumia wazee. Na mama mwenye nyumba wa Stuttgart, ambaye umeme wake umekatika katikati ya majira ya baridi, huambiwa asubiri kwa kuwa mafundi ni haba. Kumbe fundi yumo mtaani mwake, ameshika sepetu.

Tatizo hili ni la kale. Mafundi vijana wa Ujerumani walikuwa na desturi ya kusafiri miaka mitatu na siku moja wakijifunza kazi kwa mabwana mbalimbali, na hadi leo wapo wachache waendeleao nayo, wakiwa wamevaa suruali zao nyeusi pana. Katika karne ya 19 kila mmoja alichukua kijitabu cha safari ambamo miji aliyopitia ilipiga mihuri. Kijitabu kilieleza fundi ametoka wapi na alimtumikia nani. Kilifaa kwa sababu aliyekisoma naye alikuwa ndani ya desturi ile ile.

Mkataba wa Roma wa 1957 uliwapa wafanyakazi haki ya kwenda kutafuta kazi katika nchi wanachama. Mikono ikaruhusiwa kuvuka mpaka, lakini vyeti vikabaki na lugha za makwao. Mwaka 1985 Jumuiya ya Ulaya iliamua kulinganisha vyeti vya ufundi, kazi kwa kazi na nchi kwa nchi, na kituo cha Cedefop, kilichoundwa mwaka 1975 kwa ajili ya mafunzo ya ufundi, kikahusishwa. Wataalamu walikaa vikao vingi wakaandika majedwali marefu. Ajabu ni kwamba majedwali yalipokuwa tayari, kazi zenyewe zilikuwa zimekwisha badilika, mashine mpya zimeingia viwandani na mitaala imeandikwa upya. Haukupita muda mrefu mpango huo ukaachwa.

Mwaka 2008 ilichukuliwa njia nyingine, iliyo nyepesi na yenye busara zaidi. Badala ya kulinganisha kila cheti na kila cheti, iliwekwa ngazi moja ya vidato vinane, na kila nchi ikatakiwa kuonyesha vyeti vyake vinasimama katika kidato gani. Jambo linalotazamwa si miaka ambayo mtu aliketi darasani, bali ni yale ayajuayo na awezayo kuyafanya. Kwa ngazi hiyo, Técnico wa Hispania yupo kidato cha 4, na Techniker wa Ujerumani yupo kidato cha 6. Aliye sawa na Mhispania ni fundi wa Kijerumani aliyemaliza uanagenzi wa miaka mitatu na nusu. Naye yupo kidato cha 4. Hivyo mwajiri angelitazama namba badala ya neno, asingekosea upande wowote.

Lakini namba hiyo ataiona wapi? Karatasi huloa maji, hughushiwa, na tafsiri yake rasmi hugharimu fedha ambazo mtafuta kazi hana. Hapo ndipo kilipoingia cheti cha kidijitali, ambacho Umoja wa Ulaya ulianza kukitoa chini ya mpango wake wa Europass mwezi Oktoba 2021.

Yafaa ieleweke kwamba cheti hiki si picha ya karatasi iliyotiwa ndani ya kompyuta. Ni waraka uliogawanywa mafungu: jina la mwenye cheti, chuo, kidato katika ngazi, na orodha ya stadi alizojifunza. Chuo kikiisha kuujaza huupiga muhuri wa kielektroniki unaotambuliwa na sheria ya Ulaya ya 2014. Muhuri huo umefungamana na maandishi yenyewe kwa hesabu, hata mtu akibadili herufi moja tu, kompyuta ya msomaji humwambia kwamba waraka umeguswa. Mwajiri hana haja ya kuandika barua chuoni na kungoja majibu majuma kadhaa. Naye mwenye cheti hukiweka katika simu au kompyuta yake, akamwonyesha amtakaye.

Kuhusu lugha, watu wengi hudhani kuwa mashine itafasiri kila kitu. Sivyo. Maneno yatokayo katika orodha ya pamoja huonekana katika lugha ya msomaji. Kwa mfano vidato, au majina ya kazi na stadi yaliyomo katika kamusi ya kazi ya Ulaya iitwayo ESCO, yenye kazi zipatazo 3,000. Yale ambayo chuo kimejiandikia kwa Kihispania hubaki Kihispania mpaka chuo chenyewe kiyafasiri. Mwalimu mvivu akiandika tu kwamba mwanafunzi "amemaliza somo la pili," muhuri utakilinda kifungu hicho kikamilifu, na mwajiri wa Stuttgart hataambulia kitu. Bali akiandika kwamba mwanafunzi aweza kupima usalama wa waya wa ardhini na kuandika taarifa yake, kazi imekwisha. Uzito wa jambo lote umo katika kalamu ya mwalimu wa karakana, mtu ambaye hatajwi sana katika hotuba za uzinduzi.

Tena muhuri hautoi ruhusa. Wauguzi huvuka mipaka ya Ulaya kwa urahisi zaidi kwa sababu nchi zilikubaliana kwanza juu ya mafunzo yenyewe: yasipungue miaka mitatu na saa 4,600. Kwa mafundi wengi hakuna mapatano ya namna hiyo. Kijana wetu aweza kuajiriwa na kampuni ya Stuttgart ikiwa mwajiri ameridhika naye. Lakini siku atakapotaka kufungua karakana yake ya umeme, itambidi apitie kwa wenye mamlaka ya ufundi, ambao huangalia kama amefikia daraja la bwana fundi, ama ana mafunzo na uzoefu unaolingana nalo.

Hata hivyo sheria ya 2024 imezitaka nchi wanachama ziwapatie raia wao pochi ya kidijitali, ambamo vyeti vitakaa pamoja na kitambulisho, na mwisho wa 2026 ukawekwa kuwa ndio kikomo. Vyuo vikubwa vimekwisha kuanza kujiandaa. Vyuo vidogo vya mikoani huuliza nani atalipia muhuri, kwa maana programu ya kutengenezea cheti hutolewa bure na Umoja wa Ulaya, lakini muhuri hununuliwa na chuo. Na wale waliohitimu zamani, fundi bomba wa miaka hamsini aliyejifunzia kazi kwa mjomba wake, bado hutembea na karatasi iliyokunjwa mara nne, ikiwa anayo.