Imani ya Jumapili na Imani ya Jumatatu

Ndugu msomaji, si vigumu kuwa Mkristo siku ya Jumapili, hali umekaa kati ya watu wanaoimba wimbo mmoja nawe. Mtihani huja Jumatatu, kiwandani, ofisini au sokoni, mahali ambapo mwenye kukulipa mshahara pengine hana haja na sala zako.

Hebu tumtazame mfanyakazi mmoja aliyeufaulu mtihani huo katika siku ngumu kuliko hizi zetu. Isidore Bakanja alikuwa kijana wa Kongo. Hakuwa padre, alikuwa kibarua wa waashi katika mji ambao leo huitwa Mbandaka. Huko alipata mafundisho ya dini, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Tangu hapo alivaa skapulari, yaani vile vitambaa viwili vidogo vya kumheshimu Bikira Maria, na kila alipopata nafasi aliwafundisha wenzake kusali.

Baadaye alikwenda Ikili kuwa mtumishi wa nyumbani wa Mbelgiji mmoja, kwenye shamba la mpira. Msimamizi wa hapo, Van Cauter, aliwachukia wamisionari. Alimkataza Bakanja kufundisha sala, akamwamuru aivue skapulari. Bakanja hakugoma kazi wala hakutukana; lakini amri hiyo hakuitii. Mwaka 1909 alichapwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, hata mgongo wake ukawa donda tupu. Mkaguzi wa kampuni alimkuta katika hali hiyo, akamchukua ili auguzwe, lakini madonda hayakupona. Mapadre walipomsihi amsamehe aliyemtesa, alijibu kwamba amekwisha msamehe, na kwamba atamwombea. Alifariki tarehe 15 Agosti 1909. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri.

Yatupasa kuzingatia kwamba Bakanja hakuwa na mimbari. Alichokuwa nacho ni kazi ya mikono, wenzake wa kazi, na vitambaa viwili shingoni. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Imani yake ilionekana kwanza katika mwenendo, ndipo maneno yake yakapata wasikilizaji.

Sisi hatuchapwi mijeledi. Hata hivyo, karani anayekataa kuandika stakabadhi ya uongo aweza kunyimwa cheo. Kijana anayekataa kucheka mfanyakazi mwenzake anapodhihakiwa aweza kutengwa. Hapo ndipo ujasiri unapodaiwa. Na mtu akikuuliza kwa nini huli rushwa, usione haya kumtaja Kristo. Kunyamaza hapo ni kuificha taa chini ya kitanda.

Lakini ujasiri si ubishi. Jirani yako Mwislamu hana haja ya kelele zako usiku kucha. Ana haja ya kukuona mlangoni pake anapofiwa. Wala anayekuonea asikufundishe chuki, maana Bakanja alishinda kwa kusamehe.

Wazazi, watoto hujifunza imani kwa macho kabla ya masikio. Leo jioni, mkiwa mezani, jiulizeni pamoja: kama tusingewaambia, je, wenzetu wa kazini, shuleni na mtaani wangejua kwamba sisi ni Wakristo?