Je, Wajua? Teispes, babu aliyegombewa na vitukuu

Je, wajua kwamba Koreshi Mkuu, yule anayesomwa katika Biblia kuwa aliwaruhusu Wayahudi warudi Yerusalemu, alirithi jina la babu yake? Huyo babu naye alikuwa mwana wa mfalme ambaye wengi hatujawahi kumsikia: Teispes. Hivyo ndivyo Wagiriki walivyomwandika. Waajemi wenyewe walimwita Chishpish.

Je, wajua kwamba hakuna jiwe, tofali wala kibao cha Teispes mwenyewe kilichowahi kupatikana? Alitawala katika karne ya 7 KK, na tunachokijua kumhusu kimetoka kwa waliomfuata. Kila mmoja wao alimtaja kwa haja yake.

Wa kwanza ni kitukuu chake. Koreshi alipoitwaa Babeli mwaka 539 KK, aliandikiwa tangazo kwa maandishi ya kikabari juu ya pipa dogo la udongo, la urefu wa sentimita 22 hivi. Humo anajitambulisha: mwana wa Cambyses, mjukuu wa Koreshi, mzawa wa Teispes. Kila jina limefuatiwa na cheo kilekile, mfalme mkuu, mfalme wa Anshan. Uajemi haumo katika orodha hiyo. Ni Anshan tu.

Basi, Anshan ni wapi? Kwa miaka mingi wataalamu waliutafuta mji huo katika milima ya magharibi zaidi. Miaka ya 1970 wachimbaji kutoka Marekani walifukua kilima kiitwacho Tal-e Malyan, katika jimbo la Fars nchini Iran, wakapata matofali ya mfalme wa Elamu, dola ya kale ya eneo hilo, yenye jina la mji: Anshan. Mabishano yakaisha. Na kwa msomaji wa Kilwa au Unguja, mahali hapo pako kilomita zipatazo 45 tu kutoka Shiraz, mji ambao Washirazi wa pwani yetu husimulia kuwa ndiko mababu zao walikotoka. Lakini usikimbilie kuunganisha nasaba: kati ya Teispes na masultani wa Kilwa kuna zaidi ya miaka 1,500.

Je, wajua kwamba muhuri wa mwana wa Teispes, yule Koreshi babu, uliendelea kutumika muda mrefu baada ya mwenyewe kufa? Hapa ndipo ninapopapenda. Mwaka 1933 huko Persepolis, mji wa kifalme wa Waajemi, vilianza kufukuliwa vibao vya udongo kwa maelfu, kumbukumbu za ghala za kati ya mwaka 509 na 493 KK: nafaka, divai, mifugo, nani kapewa kiasi gani. Kwenye vibao vichache vinavyohusu chakula cha mezani kwa mfalme, karani aliviringisha muhuri uliokwisha kuwa mkongwe. Alama iliyobaki inaonyesha mpanda farasi akimchoma mkuki adui anayekimbia, na maiti wawili wamelala chini. Pembeni yameandikwa kwa Kielamu maneno machache: Koreshi wa Anshan, mwana wa Teispes. Muhuri wenyewe haujapatikana. Tulicho nacho ni alama zake tu kwenye udongo.

Sasa twende kwa Dario, mfalme wa Uajemi wa baada ya Koreshi, maana yeye ndiye aliyekoroga mambo.

Alitwaa kiti mwaka 522 KK baada ya kumuua mtu aliyemwita laghai, kisha akachonga maelezo yake katika lugha tatu kwenye mwamba wa Behistun, nchini Iran, juu sana hata msafiri aliye njiani hawezi kusoma neno. Anataja nasaba: baba yake Hystaspes, kisha Arsames, Ariaramnes, Teispes, na juu kabisa Achaemenes. Yaani Koreshi ni kitukuu cha Teispes, na Dario ni kilembwe, kwa njia mbili tofauti. Anaongeza kuwa wanane wa ukoo wake walikuwa wafalme kabla yake, yeye ni wa tisa.

Kuna kasoro moja. Xerxes, mwana wa Dario, aliandika baadaye kwamba baba yake alipotawazwa, Hystaspes na Arsames walikuwa hai wote wawili. Baba yu hai, babu yu hai, na taji anavaa mjukuu! Hystaspes alikuwa katika jimbo la Parthia akiongoza jeshi. Ndiyo maana wanahistoria wengi siku hizi wanaona kuwa Dario alijipachika kwenye ukoo wa Koreshi, na kwamba Achaemenes, ambaye Koreshi hamtaji popote kwenye lile pipa, aliongezwa ili koo mbili zipate babu mmoja. Mimi nakubaliana nao. Sisi watu wa pwani tumeona shajara nyingi za nasaba zikirefushwa harusi inapokaribia.

Na harusi ilikuwapo. Dario aliwaoa mabinti wawili wa Koreshi, Atossa na Artystone. Xerxes alizaliwa na Atossa, hivyo kwake yeye ubishi wa nasaba ulikwisha tumboni mwa mama.

Je, wajua kwamba katika kitabu cha Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, Xerxes anapojigamba kwa kutaja mababu zake, jina la Teispes linatokea mara mbili? Wapo wanaodhani walikuwapo akina Teispes wawili. Wengine husema ni koo mbili zilizoshonwa kuwa mstari mmoja.

Je, wajua kwamba neno la Kiajemi cha kale la mfalme, lililochongwa pale Behistun, ndilo lililofupika karne kwa karne likawa shah? Kiswahili nacho kikalichukua: tunapomwita mshairi bingwa shaha wa malenga, tunampa cheo cha kina Dario.

Lile pipa la Koreshi lilifukuliwa Babeli mwaka 1879, na leo liko kwenye Makumbusho ya Uingereza, London, ambako kiingilio ni bure. Ukifika na ukalikuta halijaazimwa, mtafute Teispes katika mstari wa 21.